Siku Nne Gatsata Tukingoja Gari Lipone

Kila mmoja wenu pale chumba cha walimu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande tu, kengele ikalia tukaachana. Sasa nimekaa niandike yote kwa mpangilio, mpeane msome. Habari za vibali, mihuri na foleni za mipakani nimeziacha, kwa sababu hata mimi zilinichosha. Nitaanza pale gari lilipotoka uani kwetu.

Bukoba hadi Mbarara

Mnalijua gari lenyewe. Ni lile la marehemu baba, la gia za otomatiki, alilouziwa na daktari wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Baba alilipenda kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu na gari halina klachi. Baada ya kufariki nikalirithi mimi, na kwa miaka miwili nililitunza kwa kadiri ya ujuzi wangu: nilikuwa naliosha Jumamosi, na rejeta ikipungua naongeza maji ya bomba. Hayo maji ya bomba yashikeni, maana ndiyo yaliyoleta kisa.

Mama alikuwa na miaka kumi na tisa alipotoka Rwanda na baba, na kaka yangu akiwa mtoto mgongoni. Mimi nilizaliwa huku. Kwa miaka thelathini na mitatu hakuwahi kurudi. Aprili mwaka huu mauaji yalipoanza kule, aliacha kusikiliza redio. Akawa anakwenda kanisani asubuhi, na jioni anakwenda tena. Alikuwa amebakiwa na ndugu mmoja tu aliyemjua kwa sura, mdogo wake Spesioza, waliyemwacha Gahanga na bibi yao. Hatukuwa na tumaini. Kisha mwezi wa Oktoba ikaja barua kwa mkono wa padri, mistari minne: Spesioza yu hai, yuko Gahanga kwenye kiwanja kilekile, mume wake na watoto wake hawapo tena.

Nilimwambia Mama tutakwenda shule ikifungwa. Akasema tutakwenda Jumanne. Mkuu wa shule akaniruhusu.

Watu walitushauri tuiache njia ya Rusumo, kwa sababu ya kambi za wakimbizi na msongamano wa kule Ngara. Kwa hiyo tulizunguka Uganda: Kyaka, Mutukula, Masaka, kisha Mbarara. Mama alikaa kiti cha mbele na kopo la senene za kukaanga, wale panzi wetu wa msimu, mapajani, zawadi ya mdogo wake. Hakulishusha. Nilipomwambia aliweke nyuma alisema zitamwagika. Tulilala Mbarara, na hadi hapo gari lilikuwa halina neno.

Mbarara hadi Kabale

Milima ndiyo iliyoanza kutuumbua. Kabla hatujafika Kabale, kwenye mpando mrefu, nikakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari lenyewe likawa halitaki kwenda. Kidogo likashtuka likashika gia, likapanda, likaachia tena. Mshale wa joto ukawa unapanda nao. Mama akaniuliza kama nimechoka niegeshe. Nadhani alifikiri mwenye matatizo ni mimi.

Kabale mjini nikasimama karibu na mama mmoja aliyekuwa akiuza bushera, kile kinywaji chao cha mtama. Gari lilipopoa nikafungua kifuniko cha rejeta. Badala ya maji nikakuta kitu kizito chenye povu, rangi kama ya maziwa yaliyotiwa damu kidogo. Nilishika kifuniko mkononi nikawa sijui nikirudishe au nikitupe.

Dereva mmoja wa lori, mtu mzima mpole sana, aliacha chakula chake akaja kutazama. Alichovya kidole, akakisugua na kidole gumba, akasema ni gasketi ya silinda hedi imeungua, na mafuta ya injini yameingia kwenye maji. Alinionea huruma kama vile nimefiwa. Akanijazia dumu la maji, akaniambia niende polepole, nisimame kila mpando lipoe, na Kigali nitapata mafundi. Alisema yote haya kwa Kiingereza na Kiganda, nami nikamshukuru kwa Kiswahili, na tukaelewana vizuri. Kuhusu gasketi alikuwa amekosea, lakini hilo nililijua baadaye, na bado namwombea heri.

Mama alikunywa bushera vikombe viwili, akamlipa yule mama, akamsimulia kwa Kinyarwanda kwamba anakwenda kumwona mdogo wake. Yule mama alimjibu kwa Kikiga. Lugha zile zinakaribiana, wakashikana mikono muda mrefu.

Kabale hadi Gatsata

Kutoka mpakani Gatuna ni milima na mabonde ya chai hadi Kigali. Tulisimama mara sita. Kila tuliposimama nilimwona Mama anatazama vilima, midomo ikimchezacheza, kama anayehesabu. Tulipita nyumba zisizo na milango wala mabati.

Mvua ikaanza. Tulipoteremka kuingia Gatsata, ukingoni mwa Kigali, pale barabara inapoitazama Nyabugogo chini, gia zikaachia kabisa. Nikaliacha gari liserereke lenyewe hadi kwenye uwazi wa udongo mwekundu uliojaa magari mabovu. Bila kujua nilikuwa nimefikia mlangoni kwa mafundi wa mji mzima.

Aliyetujia anaitwa Evariste. Ni mtu wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwembamba, amevaa ovaroli iliyokatwa mikono. Alizaliwa Bujumbura kwa wazazi wakimbizi kama wangu, akaja Kigali mwezi wa Agosti na sanduku moja la spana. Alimwamkia Mama kwanza, kwa mikono miwili, akamwita *mukecuru*, bibi mkubwa. Kisha ndipo akalitazama gari.

Nikamweleza kuhusu gasketi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakifuta, akakichovya tena, akanionyesha: mafuta meusi, safi, hayana povu. Akachomoa kijiti cha pili, kile cha giaboksi, ambacho mimi nilikuwa sijawahi kukigusa. Kilitoka na uji wa waridi uleule wa kwenye rejeta.

"Gasketi iko mzima," akasema. "Maji imeingia mu bwati."

Mimi nilisikia bati. Nikainua macho kutafuta bati linalovuja, wakati pale hapakuwa na paa hata la nyasi, na mvua inatunyeshea sote. Evariste naye akatazama juu, aone ninachokitazama. Mama ndiye aliyetuokoa, akacheka, mara ya kwanza tangu barua ije. Bwati, akaniambia, ni giaboksi. Huku wanaliita kwa Kifaransa.

Gatsata, Jumatano na Alhamisi

Evariste hakutaka nimwamini kwa maneno matupu. Siku ya pili asubuhi aliitoa rejeta, akaniita nione. Kwenye gari la otomatiki, alinieleza, mafuta ya giaboksi hutoka kwa kijibomba kimoja, yakapita ndani ya tangi la chini la rejeta ili maji yayapoze, yakarudi kwa kijibomba cha pili. Ndani ya tangi kinachoyatenga mafuta na maji ni bomba moja jembamba tu. Likitoboka, injini ikiwaka mafuta yanasukumwa kwenye maji. Ukizima, maji ya moto yanasukumwa kwenye mafuta. Kila upande unachafua mwenzake.

Akaijaza rejeta maji safi, akaziba tundu moja la mafuta, na kwenye tundu la pili akaunganisha pampu ya baiskeli. Akapampu polepole. Mapovu yakaanza kupanda kwenye mdomo wa rejeta, madogo, yakifuatana.

Aliniuliza ni maji gani huwa naweka. Nikamwambia ya bomba. Akauliza kama nachanganya na dawa ya rejeta. Nikatikisa kichwa. Hakunikaripia, alisema tu kwamba maji matupu hula chuma kwa ndani, taratibu, na mwenye gari haoni. Niliona aibu kuliko kama angenikaripia.

Habari njema ilikuwa kwamba yale mafuta machafu hayakunuka kuungua. Sahani za ndani ya giaboksi, zile zinazoshika gia, zina ngozi iliyogandishwa kwa gundi, na maji huibandua. Zetu alidhani bado zimeshika. Kama ningeendesha siku mbili tatu zaidi, zingekwisha. Habari mbaya ilikuwa kwamba rejeta ya namna ile haikupatikana Kigali nzima, na mafuta mekundu ya kusafishia alikuwa na lita nne tu. Mengine yangekuja na mfanyabiashara kutoka Mbarara, Jumamosi kama Mungu akipenda.

Tulipata chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akipika chakula cha mafundi hapohapo, Mama Imakulata. Siku ya kwanza nilimwuliza ana mboga gani, kama tunavyouliza kwetu. Akaniambia dodo, yaani mchicha. Nikasema basi niletee mboga yoyote nyingine pamoja na hiyo. Akaleta dodo sahani ya pili. Nikajaribu kueleza, akaleta ya tatu. Kumbe kwao mboga ni majani tu. Maharage ni maharage na nyama ni nyama. Nilikula mchicha wote ule ili nisimvunje moyo. Yeye kwa upande wake, Mama alipofunua kopo lile na kumwonjesha senene, alikaa na mmoja kiganjani muda mrefu, akamtia mdomoni akiwa amefumba macho, akatafuna, akaomba maji. Tukawa tumelipana.

Alhamisi mchana kulikuwa na jua. Mama alikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akimenya maharage ya Mama Imakulata, na Evariste alikuwa amelala chini ya gari letu akifungua sinia la giaboksi. Mimi nilikuwa nasugua chujio kwa petroli. Magari madogo ya abiria, ambayo huko huitwa taksi, yalikuwa yanapita barabarani yakiita watu wa mjini, na mjini unapata la Kicukiro, na kutoka Kicukiro hadi Gahanga mtu anaweza hata kutembea. Tangu jana nilikuwa nimemwambia Mama twende, gari tutalifuata baadaye. Kila mara alikuwa anasema tungoje gari.

Evariste akamwuliza kwa Kinyarwanda, sauti ikitokea chini ya gari, kwa nini mukecuru anangoja siku nne kitu ambacho ni safari ya saa moja na nusu.

Mama alimenya maharage kadhaa kabla ya kujibu.

"Nikipanda taksi nitafika leo," akasema.

Spana ikaacha kulia. Evariste hakutoka chini ya gari, na nadhani alifanya vizuri, maana Mama alizungumza kama mtu anayezungumza na gari. Alisema siku waliyoondoka, Spesioza alikuwa na miaka saba, na yeye Mama alikuwa amekubali kumchukua. Bibi hakutaka kuondoka na aliwaachia uamuzi. Walikuwa wameshafika chini ya kilima, Mama amembeba kaka yangu mgongoni na amemshika Spesioza mkono. Mtoto akawa analia amechoka, na baba anasema watachelewa, wenzao wamekwishavuka. Ndipo Mama akamwambia mdogo wake arudi nyumbani mara moja akaufunge mlango wa zizi, ndama asitoke. Atamkuta hapahapa anamngoja.

"Akaenda mbio," Mama akasema. "Alifurahi kutumwa. Na mimi sikungoja."

Sikuwahi kusikia habari hizi. Niliendelea kusugua chujio ambalo lilikuwa limekwisha kuwa safi. Evariste akasema kwa upole kwamba sinia lina boliti kumi na nne na nyingine zimeshika kutu, na hatakuwa na haraka nazo.

Gatsata, Ijumaa na Jumamosi

Tatizo la rejeta lilitatuliwa na Mama Imakulata. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na lori la mume wake, halina magurudumu wala vioo. Mume aliuawa Aprili. Mbele ya injini ya lori lile kulikuwa na kijirejeta kidogo cha kupozea mafuta, upana wa daftari, na Evariste alikuwa amekiona tangu mwezi wa Agosti bila kuthubutu kukitaja. Ijumaa alikitaja. Wazo lake lilikuwa kuyaziba matundu mawili ya mafuta kwenye rejeta yetu kwa boliti, ibaki na kazi ya maji peke yake, na mafuta ya giaboksi yapite kwenye kijirejeta cha lori, mbali na maji kabisa.

Mama Imakulata alifuta mikono kwa kitenge, akaenda kusimama mbele ya lori. Mama akamfuata, wakasimama wote wawili. Sikusikia waliyosema. Mama Imakulata aliporudi alimwambia Evariste akifungue, lakini akifungue vizuri, asivunje kitu kingine. Evariste alikifungua kama daktari anayetoa uzi kwenye kidonda. Mama Imakulata akakiosha mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni.

Mfanyabiashara wa Mbarara alifika Jumamosi saa nne na madumu ya mafuta mekundu. Tukaanza kuosha. Unajaza, unawasha injini, unapitisha gia zote ukiwa umekanyaga breki, unazima, unamwaga. Mara ya kwanza yakatoka maziwa ya waridi. Mara ya pili yakatoka mekundu yenye ukungu. Evariste aliyatia kwenye chupa ya kioo akaiweka juani, akatukataza kuigusa, tukaisubiri kama wagonjwa wanaongoja majibu. Mara ya nne yakabaki mekundu, unaona jua upande wa pili. Upande wa maji tuliosha kwa sabuni ya unga hadi povu likaacha kuwa na mafuta, na safari hii nikatia dawa ya rejeta.

Tulilijaribu kwa kupandisha barabara ya Gatuna tuliyoingilia. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kushtuka. Evariste alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, na tulipofika juu akakiondoa, akasema gari iko sawa.

Nikamwambia Mama kesho tunakwenda. Akasema kesho ni Jumapili, siku nzuri.

Gatsata hadi Gahanga

Asubuhi Mama alivaa mshanana, vazi la heshima la kwao, aliokuwa ameutunza miaka mingi kwenye sanduku. Tulishuka Nyabugogo, tukapanda mjini, tukapita Kicukiro. Gari lilikwenda kama siku ambayo baba alilinunua. Mimi nilikuwa natazama mshale wa joto, Mama anatazama barabara, na kopo la senene lilikuwa mapajani mwake, nusu limeliwa na mafundi.

Gahanga nyumba zinaachiana mashamba. Mama hakukumbuka njia. Alikumbuka kilima. Tukamwuliza mwanamke aliyetoka misa, akanyoosha mkono, akasema mwenyewe yule pale.

Spesioza alikuwa ameinama kwenye maharage, hajaenda misa. Alinyooka. Ni mfupi kuliko Mama, na nywele zake zimekuwa nyeupe kabla ya za Mama. Mama alishuka, akatembea hatua kama kumi, akasimama. Alikuwa amepanga maneno siku nne. Nilimsikia akiyarudia chumbani. Hakutanguliza hata salamu. Alisema, "Sikukungoja."

Spesioza alimtazama uso, halafu mikono, halafu uso tena.

"Wapi?" akauliza.

Mama akamweleza kuhusu kilima, zizi na ndama. Spesioza alisikiliza kwa makini kabisa, kama mtu anayetaka kusaidia, halafu akatikisa kichwa. Hakumbuki ndama. Hakumbuki siku hiyo. Anakumbuka kwamba alikuwa na dada aliyekuwa akimwosha miguu kila jioni kabla ya kulala na kumkausha katikati ya vidole, na kwamba baada ya hapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumkausha katikati ya vidole. Hilo ndilo alilokuwa akiwasimulia wanawe.

Alipotaja wanawe sauti ikakatika. Mama akamfikia. Mimi nikageuka, nikafungua boneti ya gari lisilokuwa na tatizo lolote, nikainamia humo ndani muda mrefu.

Gahanga hadi nyumbani

Njia ya kurudi haina kisa. Gatsata nilisimama Evariste akachomoa kijiti, akakitazama juani, akakirudisha ameridhika. Mama Imakulata akanifungia maharage yaliyopikwa na, pembeni, dodo. Kabale hadi Mutukula nilikwenda bila kusimama isipokuwa kula.

Wengi wenu mmeniuliza Mama yuko wapi. Yuko Gahanga. Aliniambia siku ya tatu, tukiwa tunachambua mawe kwenye mchele, kwamba nirudi mimi, shule inaningoja. Alisema ana nyumba mbili sasa, na hii ndiyo yenye mtu aliye peke yake. Sikubishana naye. Nguo zake zilizobaki nitampelekea likizo ya Desemba, na kama kuna mtu anataka kunisindikiza, nafasi sasa iko.

Asubuhi niliyoondoka nilitaka kumuaga kwa heshima. Nilipasha injini joto, nikakagua mafuta na maji, nikajiandaa na maneno. Walikuwa wote wawili wamesimama pembeni ya nyumba, wanabishana jiko la bibi yao lilikuwa upande gani. Mama anasema lilikuwa huku, kwenye migomba. Spesioza anasema hapana, migomba ilipandwa baadaye. Mama akachukua kijiti akaanza kuchora kuta chini, Spesioza akazifuta kwa mguu akachora zake. Nikapiga honi kidogo. Mama akanipungia mkono bila kugeuka, akaendelea kuchora.